MIZANI NI MOJA: MAJIBU YA MASWALI JUU YA MAYAHUDI NA SHERIA YAO

Twamshukuru Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na twamwomba amteremshie rehema na amani Bwana wetu Muhammad, na aali zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya hapa Mariakani, baada ya sala ya Magharibi, alisimama kijana mmoja aliyepata kufanya kazi ya upishi katika hoteli za pwani. Akatueleza kuwa walikuja wageni wa Kiyahudi na nyama yao wenyewe, iliyochinjwa kwa sheria yao, naye akaila, je, alikosa? Kabla hatujafumbua kinywa, mwenziwe alimkatiza akasema, "Yahudi ni Yahudi tu. Alaye chakula chake ni kama yeye." Hapo yakazuka maneno mengi. Mmoja auliza kama Mayahudi humwabudu Mungu huyu tumwabuduye sisi. Mwengine auliza juu ya riba. Wa tatu ataka kujua kama ni dhambi kumdhulumu Yahudi. Ikaadhiniwa Isha na hapana aliyetosheka. Tuliwaomba waandike maswali yao, nasi twayajibu hapa ili faida iwaenee na wale wasiohudhuria.

Lakini kabla ya kujibu tuna deni la kulipa. Yule kijana mkali tulimwuliza neno lake amelipata wapi. Akajibu kwa adabu, "Kwako wewe, sheikh wetu, siku ile ya khutba." Tukakumbuka. Tulikuwa tukimkemea mtu aliyekula mali ya mayatima, tukasema juu ya mimbari kwamba mtu yule ana moyo wa Kiyahudi. Naye alikuwa Muislamu, na baba yake Muislamu, na dhulma yake aliitenda papa hapa petu. Hapakuwa na Yahudi hata mmoja katika jambo lile. Basi neno lile lilikuwa kosa letu, na kama tulivyolitamka mbele yenu, ndivyo tunavyojirudi mbele yenu.

Na kosa hilo Bwana Mtume (S.A.W.) alikwisha kulikataza. Mkewe Bibi Safiyya alikuwa binti wa Huyayy bin Akhtab, mkubwa wa Mayahudi wa Bani Nadhiri. Siku moja alilia kwa kuwa ametajwa kwa dharau kuwa ni binti wa Yahudi. Mtume hakumwambia aifiche nasaba yake. Alimfundisha awajibu kuwa yeye ni katika kizazi cha Nabii, na ami yake ni Nabii, na mumewe ni Nabii. Yaani Haruni, na Musa, na Muhammad, amani iwashukie wote. Huyo ni mama wa Waumini. Alifanyaye jina la kabila yake kuwa tusi, amemtukana mama yake.

SWALI LA KWANZA: Mayahudi ni nani, na imani yao ni ipi?

JAWABU: Asili yao ni Wana wa Israili, naye Israili ni Nabii Yaakubu. Kitabu chao ni Taurati, na katika dini yao mna kumpwekesha Mungu, na kukataa masanamu, na kuamini malipo ya wema na uovu. Mwanachuoni wao mkubwa, Musa bin Maymun, aliyezaliwa Cordoba katika nchi ya Andalusi na akafa Misri mwaka 1204, alikusanya misingi ya imani yao akaifanya kumi na mitatu. Vitabu vyake vingi aliviandika kwa Kiarabu, naye alikuwa tabibu katika utawala wa Sultani Salahuddin. Mtu huyo hakuamini utume wa Muhammad; juu ya hivyo aliandika wazi kuwa Waislamu si waabudu masanamu, bali humpwekesha Mungu upweke wa kweli. Ikiwa mwanachuoni wao aliweza kutufanyia uadilifu huo, haitupasi sisi kushindwa kuwafanyia wao.

Ama tulipokhitilafiana nao hatupaficha. Wao hawamkubali Nabii Isa wala Mtume wetu, na Kurani imewalaumu kwa hayo na kwa mengine. Muislamu huamini Mitume wote bila ya kuwabagua, na hapa ndipo njia zinapoachana.

Na aliyeuliza juu ya Uzairi, kwamba Mayahudi husema ni mwana wa Mungu, twamjibu hivi: neno hilo limetajwa katika Suratut-Tauba, na wafasiri, akiwamo Imam Kurtubi, wameeleza kuwa walilolisema ni baadhi yao, si wote. Basi haifai kumzushia Yahudi wa leo itikadi asiyoijua.

Wala watu hawa si wa nchi za mbali tu. Mjini Nairobi wana jumuia yao tangu mwanzo wa karne ya ishirini, na hekalu lao la ibada, liitwalo sinagogi, liko katikati ya mji. Mwaka 1903 serikali ya Kiingereza iliwapendekezea Mayahudi wa Ulaya waliokuwa wakiuawa na kufukuzwa makao katika nyanda za Uasin Gishu. Ikawa mtawala agawa ardhi isiyokuwa yake, na wenyewe waliokuwa wakiishi huko hawakuulizwa. Mkutano wao uliofanywa Basel mwaka 1905 ulilikataa pendekezo hilo. Kama lingalitimia, wangalishuka Mombasa na kupanda gari la moshi lipitalo hapa kwetu Mariakani. Na huko Mbale, Uganda, wako Waafrika wanaofuata dini hiyo, waitwao Abayudaya, tangu mwaka 1919, pale Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari mkubwa, alipoiacha dini ya Wazungu akashika Taurati. Idi Amin aliwapiga marufuku ibada zao, na alipoondolewa mwaka 1979 wakazirejea. Mwaka 2004 wakulima wa kahawa wa huko, Waislamu na Wakristo na Mayahudi, waliungana katika chama kimoja cha ushirika wakauza mazao yao pamoja.

SWALI LA PILI: Je, wana sheria kama yetu?

JAWABU: Naam, wanayo, na kufanana kwake na yetu kwastaajabisha. Sheria yao huitwa Halakha, na maana ya neno hilo ni mwendo. Nasi yetu ni Sharia, na asili yake ni njia iendayo kwenye maji. Maulamaa wao, waitwao marabi, walikusanya mapokezi yao katika kitabu cha Mishna kiasi cha mwaka 200 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, kisha ikaja Talmudi kuyafafanua, na mwaka 1565 kikapigwa chapa kitabu cha hukumu cha Yosef Karo ambacho hata leo hurejewa. Wao husali mara tatu kila siku kwa kuelekea Baitul-Mukaddas, ambayo nasi tuliielekea miezi kumi na sita au kumi na saba baada ya Hijra. Sala ya jamaa kwao hutaka wanaume kumi, kama Ijumaa yetu katika madhehebu ya Imam Shafii itakavyo arubaini. Siku yao huanza jua likizama, kama yetu. Hutahiri watoto wao wa kiume siku ya nane, kwa sunna ya babu yetu Ibrahimu. Maiti wao humwosha, na kumvika sanda nyeupe, na kumharakisha kaburini.

Siku ya Sabato, tangu Ijumaa magharibi hata Jumamosi usiku, huacha kazi za aina thelathini na tisa, na kuwasha moto ni mojawapo. Lakini mtu akiwa katika hatari ya kufa, sheria yao humwajibisha Myahudi aivunje Sabato amwokoe. Hii ni kama kauli ya mafakihi wetu kuwa dharura hukihalalisha kilichokatazwa.

Na katika saumu, kubwa yao ni ya siku ya kumi ya mwezi wao wa Tishri, ambayo hufunga kwa muda wa saa ishirini na tano bila ya kula wala kunywa. Bwana Mtume alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga siku ya Ashura kwa kuokoka Nabii Musa na Firauni. Akasema kuwa sisi tuna haki zaidi kwa Musa, akafunga na akaamrisha kufungwa; na mwisho akaazimia kuongeza siku ya tisa ili tukhitilafiane nao. Tazameni hekima hiyo: hakuiacha haki kwa sababu iko mkononi mwa mwengine, wala hakuyeyuka ndani ya mwengine hata asijulikane.

Hapa twataka kuwazindua juu ya jambo moja. Katika Suratul-Jumua Mwenyezi Mungu amewafananisha wale waliobebeshwa Taurati kisha wasiifuate na punda aliyetwikwa vitabu. Sisi huisoma aya hiyo tukafurahi kuwa wametajwa wengine. Je, watoto wangapi katika vyuo vyetu wamehitimu juzuu thelathini, na ukimwuliza mmoja wao maana ya sura fupi anayoisoma katika kila sala, hanayo? Mwenyezi Mungu hakutusimulia habari za Wana wa Israili ili tuwacheke. Ametusimulia ili tujiangalie.

SWALI LA TATU: Chakula chao ni halali kwetu?

JAWABU: Mwenyezi Mungu ametuhalalishia katika Suratul-Maida chakula cha waliopewa Kitabu, na maulamaa wameafikiana kuwa muradi wake ni nyama waliyoichinja. Na uchinjaji wa Mayahudi una masharti mazito. Mchinjaji ni mtu aliyesoma na kujaribiwa. Kisu hukaguliwa kisiwe na pengo hata dogo. Humtaja Mungu kabla ya kuchinja. Hukata koo kwa mkato usiosita. Kisha hulikagua pafu, na nyama hutiwa chumvi ili damu itoke. Basi yule kijana wa hotelini hakukosa, na aliyemwambia kuwa amekuwa kama wao amesema bila ya ilimu.

Lakini ruhusa ina mipaka yake. Divai yao kwetu ni haramu, ijapokuwa wao huinywa katika ibada. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, kama ilivyo katika Minhaji ya Imam Nawawi na sharhe zake, asiyekuwa wa nasaba ya Israili hutakiwa ijulikane kuwa wazee wake waliingia dini hiyo kabla ya kufutwa. Kwa kauli hiyo wale wa Mbale walioingia mwaka 1919 hawahesabiwi katika hukumu hii, ingawa Mahanafi hawakuweka sharti hilo. Hukumu ya kumwoa mwanamke wao nayo hufuata njia hiyo hiyo, na Mashafii wameihesabu ndoa hiyo kuwa ni makuruhu. Atakaye jambo hilo na aje aulize mwenyewe, kwani huhitaji kuangaliwa mtu na mtu.

Na msidhani kuwa wao nao waweza kula kila kilicho mezani kwetu. Ngamia kwao ni haramu, na sungura pia. Cha baharini hawali ila samaki mwenye mapezi na magamba; pweza, na ngisi, na kamba, na kaa, kwao havijuzu. Nyama na maziwa hawavichanganyi, hata biriani yetu iliyotiwa mtindi haiwi halali kwao ijapokuwa mbuzi amechinjwa na rabi mwenyewe. Kurani imetueleza katika Suratul-An'am kuwa waliharimishiwa vitu ambavyo sisi tumehalalishiwa. Hiyo ni nafasi tuliyopewa, na mwenye kupewa nafasi hushukuru.

SWALI LA NNE: Si kweli kwamba riba ni ada ya Mayahudi?

JAWABU: Swali hili ndilo zito kuliko yote, nalo latugusa sisi kabla ya kuwagusa wao.

Taurati imemkataza Myahudi kumtoza riba nduguye, na hasa nduguye maskini. Kwa mgeni ikaruhusiwa, na marabi wamejadiliana sana juu ya mpaka wa ruhusa hiyo. Kurani katika Suratun-Nisaa imewalaumu kwa kuchukua riba na hali wamekatazwa. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini nani leo asemaye kuwa ni Muislamu na hakukatazwa?

Vijana humwita mkopeshaji wa riba "shailoki". Wengi hawajui jina hilo limetoka wapi. Shylock ni Myahudi wa kubuniwa katika mchezo wa Shakespeare, ule ambao Mwalimu Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili mwaka 1969 na kuuita Mabepari wa Venisi. Mayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu mwaka 1290, na mchezo ulipoandikwa karne tatu baadaye, amri hiyo ilikuwa ingali ipo. Basi jina la mtu asiyekuwapo, lililoandikwa katika nchi iliyokuwa imewafukuza watu wake, limesafiri hata likafika sokoni kwetu, nasi twalitumia kama kwamba ni ushahidi.

Na mashailoki wa hapa kwetu ni nani? Tazameni jambo la minazi. Mtu wa Kaloleni apatwa na dharura. Mtoto augua, au ada ya shule yadaiwa. Aenda kwa mwenye fedha, akopa, na aweka rahani minazi yake. Tangu siku hiyo mwenye fedha huangua nazi kila zikiwiva, akauza, na deni halipungui hata senti moja. Miaka kumi ikipita, aliyopata kwa nazi yamezidi mara nyingi aliyoyakopesha, na mdaiwa angali mdaiwa. Na akifa, wanawe hurithi deni na kukosa minazi. Na huyo mwenye fedha, mara nyingine twamwona katika safu ya kwanza nyuma ya imamu, na akisikia habari za riba husema, "Hayo ni mambo ya Mayahudi."

Ndugu zetu, hukumu iko wazi. Manufaa ya rahani ni ya mwenye mali, si ya mwenye kukopesha. Na mkopo uliowekewa sharti la kumnufaisha mkopeshaji ni riba, uitwe kwa jina lolote. Kuuita "desturi ya minazi" hakuibadilishi hukumu yake. Marabi nao waliandika mkataba wa kuugeuza mkopo uwe kama ushirika wa biashara ili faida ipite, na watu wetu wakafanya hila za kuuza na kununua tena. Hila ni hila kwa kila taifa.

Tena sikilizeni jambo la kututia haya. Mayahudi hao tuwaitao wala riba, katika miji mingi waliyokaa, wana vyama vya kukopeshana wao kwa wao bila ya riba hata kidogo: mtu hukopa fedha za harusi, au za matibabu, au za kuanzia duka, akarejesha kile kile alichochukua. Hiyo ndiyo kardhi hasana iliyotajwa katika Kurani yetu. Hapa Mariakani chama kama hicho kiko wapi?

Basi twatoa rai mbili. Kwanza, kila aliyeshika minazi ya mwenziwe na akae na mwenye minazi mbele ya mashahidi wawili, wahesabu nazi zilizoanguliwa. Thamani yake ikiwa imefikia deni, minazi irudi kwa mwenyewe. Ikiwa imezidi, kilichozidi kirudishwe. Pili, darsa yetu imeanza kuweka sanduku la kardhi hasana. Sisi wenyewe tumetia fungu la kwanza, na hesabu yake itasomwa mbele ya watu kila mwezi baada ya sala ya Ijumaa.

SWALI LA TANO: Je, ni dhambi kumdhulumu Yahudi, na hali Waislamu wa Palestina wamedhulumiwa?

JAWABU: Watu wa Palestina wamedhulumiwa, wala hatusiti kulisema hilo. Mwaka 1948 mamia ya maelfu yao walifukuzwa au walikimbia majumbani mwao, wakazuiwa kurejea. Ni wajibu wetu kuwaombea, na kuwasaidia kwa mali, na kusema kweli juu yao. Lakini dini ya Kiyahudi ni jambo moja, na dola ni jambo jengine. Mwaka 1917, serikali ya Kiingereza ilipotoa ahadi ya Balfour, aliyeipinga ndani ya baraza la mawaziri alikuwa Edwin Montagu, naye ndiye Myahudi wa pekee aliyekuwamo humo. Haimkiniki kumhesabia mtu kosa kwa jina la dini yake tu, na hali Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul-Maida kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kuacha uadilifu.

Na sisi wa jimbo hili la Kilifi tuna msiba wetu wa kutufunza. Alhamisi ya tarehe 28 Novemba 2002, katika kumi la mwisho la Ramadhani, watu walilipua bomu katika hoteli iliyokuwa mali ya Waisraili huko Kikambala. Mbali na waliojilipua, walikufa watu 13. Kumi walikuwa Wakenya, na miongoni mwao wacheza ngoma waliokuja kuwapokea wageni, watoto wa majirani zetu. Watatu walikuwa Waisraili, na wawili katika hao walikuwa watoto. Ni Mpalestina gani aliyerudishiwa nyumba yake kwa sababu ya siku ile? Na ni sheria gani ya Kiislamu ihalalishayo kumwua mtoto, au mgeni aliyeingia kwa amani, au mpiga ngoma atafutaye riziki? Haiko. Aliyesema iko, ameizulia dini.

Someni Suratun-Nisaa. Mtu wa Madina, Tu'ma bin Ubayrik, aliiba deraya akaificha kwa Yahudi, kisha yeye na jamaa zake wakamsingizia Yahudi wizi huo. Jamaa hao walimjia Mtume wakitaka amtetee mtu wao kwa kuwa ni Muislamu. Zikateremka aya kumwepusha Yahudi na kumfedhehi mwizi, na kumkataza Mtume asiwe mtetezi wa wakhaini. Aya hizo twazisoma mpaka leo katika sala zetu. Na jeneza la Yahudi lilipopita, Mtume alisimama. Alipoambiwa ni la Yahudi, aliwauliza kama hiyo haikuwa nafsi. Naye alipofariki, deraya yake ilikuwa rahani kwa Yahudi kwa deni la shayiri. Hivyo ndivyo alivyoishi nao: akawapinga katika itikadi walipokosea, akawapiga vita waliopiga vita, na akawapa haki zao waliostahiki haki.

Basi jawabu ni hili: ni dhambi, na dua ya mwenye kudhulumiwa haina kizuizi baina yake na Mwenyezi Mungu, awe wa dini yoyote.

Ndugu zetu, sote twaijua mizani ya magari hapa Mariakani. Kila lori lendalo bara hupanda juu yake, na mizani haiulizi lori ni la nani wala dereva ni wa kabila gani. Hutaja uzito uliopo. Mizani ya Siku ya Kiyama ni ya haki kuliko hiyo. Siku hiyo mwenye minazi ya mwenziwe hataulizwa Mayahudi walifanya nini. Ataulizwa juu ya nazi. Na mwenye kusema juu ya mimbari ataulizwa juu ya maneno yake, nasi ni wa kwanza kuikhofu siku hiyo.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki na utupe nguvu za kuifuata, na utuonyeshe batili na utuepushe nayo. Wape faraja waliodhulumiwa kila mahali walipo, na uturudishe sisi kwenye uadilifu kabla ya kuhesabiwa. Amin.

Wabillahi taufiki, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.